Kaburi la Ng'ambo ya Mombasa

Tulivuka kutoka kisiwa cha Mombasa hadi bara ya Nyali, tukalizuru kaburi la Rosine Krapf. Yeye na mumewe, Ludwig Krapf, walifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka ule ule homa ilimwua Rosine, na kitoto chao cha kike, kilichozaliwa siku chache tu, kikamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa.

Tuliposimama pale tuliwaza: mtu kama huyu atashukuru nini? Msiba wake haukuwa mdogo, wala hakuuita mdogo. Lakini hakuyatupa yaliyosalia mkononi mwake, yaani uhai, na kazi ya kuandika maneno ya Kiswahili, iliyozaa kamusi yake ya mwaka 1882. Mwaka 1846 alipanda Rabai pamoja na mwenzake Rebmann, wote wawili wangali na homa.

Basi sisi nasi, mvua ikikosekana na ghala likawa tupu, tusijidanganye kwamba hatuumii. Tukihesabu kilichosalia, tumshukuru Mungu kwa hicho, kisha tushike jembe. Machozi yasitufumbe macho tukakosa kuiona neema iliyobaki.