Kijana Wangu Kwenye Kikosi cha Washangiliaji

Brooklyn Park, Minnesota. Jumapili, 27 Aprili 2025

Nimerudi zamu ya usiku nikamkuta kijana jikoni, simu mkononi, anasoma orodha ya majina kana kwamba hajaiamini. Amechaguliwa. Si timu ya mpira wa Kimarekani, ambayo mimi nilidhani anaiwania. Ni kikosi cha washangiliaji wa shule, na mvulana ni yeye peke yake. Atakuwa mbebaji, yule wa chini.

Mama yake kauliza jambo moja tu: sare ni sketi? "Suruali, Mama." Basi, kaendelea kugeuza maandazi. Dada yake, beki wa timu ya kandanda ya wasichana, kacheka kidogo, kisha kamwambia ajifunze kuanguka kabla ya kujifunza kunyanyua.

Jumamosi, 3 Mei

Habari zimefika Dar es Salaam kabla sijazipeleka. Mjomba wake kanitumia ujumbe wa sauti usioisha: "Shem, huyo mtoto Marekani imeshamharibu. Mtoto wa kiume anarukaruka na wasichana, wewe upo tu unatazama?"

Huyu shemeji yangu ni Yanga damu. Siku ya mechi na Simba hupakwa njano na kijani mpaka masikioni, hucheza dakika zote 90 huku kiuno chake kikifanya mambo ambayo mkewe hajawahi kuonyeshwa nyumbani. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ameharibika. Nimemjibu kwa adabu kwamba nitazungumza na kijana, sikumtajia Yanga. Naiweka akiba.

Na kuna halaiki pia. Nani katika sisi tuliosoma miaka ile hakuwahi kukaushwa na jua akifanya mazoezi ya halaiki ya sherehe za Uhuru? Wavulana kwa wasichana, fulana nyeupe, vitambaa mikononi, filimbi ya mwalimu. Mimi nilikuwa safu ya chini ya piramidi, mgongoni nimebeba watoto wa watu. Wazee wetu walikaa jukwaani wakajivunia.

Jumanne, 17 Juni

Nimemfuata mazoezini, nikakaa kwenye benchi la ukumbi wa michezo.

Wabebaji wawili wanasimama uso kwa uso. Msichana anaweka mguu mmoja kwenye viganja vya huyu, mwingine kwenye vya yule. Mkono mmoja unashika kisigino, wa pili unakaa chini ya vidole. Wa tatu yuko nyuma, kashika vifundo. Wanahesabu kwa sauti moja, wanakunja magoti pamoja, na nguvu yote inatoka mapajani, mgongo umenyooka. Akianguka, amri ni moja: kichwa chake kisiguse sakafu, hata kama kiwiko chake kitakupasua mdomo. Kijana ana michubuko begani na alama ya soli kwenye mfupa wa shingo.

Nami ndiyo kazi yangu hiyo. Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, mkanda mnene kiunoni mwa mgonjwa, magoti yamekunjwa, mgongo wima, moja, mbili, tatu, tumetoka kitandani tumekaa kwenye kiti. Nawaogesha, nawabadilisha, nawalisha. Wanaume wengi wa Afrika Mashariki hapa Minnesota tunafanya kazi hii, na kwetu ni kazi ya wanawake. Kwenye harusi zetu ukimuuliza mwenzako anafanya nini atakuambia yuko kwenye mambo ya afya, halafu atahamia haraka kwenye kiwanja anachonunua Kigamboni au Kitengela. Shemeji naye anapokea ada ya watoto wake kila muhula. Hajawahi kuuliza inanyanyuliwa vipi.

Nilimwuliza kijana njiani kwa nini hasa anaupenda mchezo huu. Alifikiri sana. "Pale anaposimama juu, Baba, na mimi sitikisiki." Nimeridhika na jibu hilo.

Jumamosi, 16 Agosti

Wiki nzima kazini ni ubishi mmoja. Vikings, klabu ya mpira wa Kimarekani ya hapa Minneapolis, wametangaza kikosi cha washangiliaji chenye wanaume wawili, na mitandao imewaka moto. Watu wanaapa hawatakanyaga tena uwanjani. Klabu imejibu kwamba si mara ya kwanza kuwa na wanaume kikosini.

Kichekesho ni kwamba haya yanasemwa kwenye mji uleule. Chuo Kikuu cha Minnesota ndipo mwanafunzi Johnny Campbell alipowatokea mashabiki mbele Novemba 1898, timu inasuasua, akawaongoza kushangilia kwa sauti moja. Hapo ndipo Wamarekani wanapohesabia mwanzo wa shughuli hii. Kwa miaka 25 hivi ilikuwa ya wanaume, na ya wanaume wa heshima zao. Franklin Roosevelt aliifanya Harvard, Eisenhower aliifanya chuo cha jeshi cha West Point baada ya goti kumzuia kucheza mpira. Chuo cha hapa kikafungulia wasichana mlango mwaka 1923. Vita Kuu ya Pili ilipowachukua vijana wa kiume, wasichana wakajaza nafasi, na vita vilipokwisha wakabaki. Lawrence Herkimer alipofanya kambi yake ya kwanza ya mafunzo huko Texas mwaka 1948 alipata wasichana 52 na mvulana mmoja. Muda si mrefu watu wakasahau kwamba waliwahi kufikiri vingine, wakaanza kusema ni maumbile.

Nimemsimulia kijana. Kanijibu kwamba mvulana mwenye suruali ya kikosi hawezi kusimama kwenye korido ya shule kuwasomea watu habari za 1898. Kweli.

Ijumaa, 5 Septemba

Mechi ya nyumbani, baridi imeanza kunukia. Tulikaa jukwaani na mablanketi. Nyuma yetu vijana wa timu pinzani walimtolea jina, lile lile wanalotumiana hapa kumwambia mvulana si mwanamume. Mama yake aligeuka akawatazama, hakusema neno, wakahama kiti.

Lakini aliyemchosha kijana leo ni mwingine kabisa: mzazi mmoja mwema aliyemshika mkono akamwambia yeye ni shujaa na anapigania haki za watu wengi. "Baba, mimi nilikuwa nawaza kama tutaweza kumshusha bila kuyumba." Hawa wanaomfanya bendera nao wamuache. Ana miaka 16. Atajijua yeye ni nani kwa wakati wake, na hata asipotuambia, chakula kitapikwa.

Jumapili, 28 Septemba

Msichana wanayemnyanyua ameteguka mkono wakati wa mazoezi, yuko nje wiki kadhaa. Siku iliyofuata alikuja shuleni na sare yake, mwalimu mmoja akamwambia sketi ni fupi mno kwa darasani. Sketi hiyo amevalishwa na shule! Ijumaa mbele ya watu ni fahari ya shule, Jumatatu darasani ni utovu wa adabu.

Nimekasirika zaidi kwa ajili ya wasichana hawa kuliko kwa ajili ya mwanangu. Kwa miaka mingi ripoti za kitaifa za majeraha ya michezo zimeonyesha kwamba zaidi ya nusu ya ajali mbaya kabisa za wasichana wa sekondari zilitokana na ushangiliaji. Hata hivyo mtu akiuliza kama huu ni mchezo, watu wanacheka. Mwaka 2010 jaji wa Connecticut aliamua katika kesi ya Chuo Kikuu cha Quinnipiac kwamba ushangiliaji wa mashindano bado haujafikia kuhesabiwa mchezo mbele ya sheria ya usawa ya 1972. Chuo kilitaka kufuta voliboli ya wanawake na kuweka ushangiliaji badala yake, kwa hiyo hukumu iliwalinda wachezaji wa voliboli, naielewa. Kamati ya Olimpiki ililitambua rasmi shirikisho la ushangiliaji la kimataifa mwaka 2021. Bado sakafu ya ukumbi wao ina mikeka michache kuliko ile ya mieleka ya wavulana. Nimeitazama kwa macho yangu, na nitaipeleka kwenye mkutano wa wazazi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Shule zimefungwa leo na kesho. Mjomba kaomba video. Nimemtumia ile ya msichana mwingine amesimama juu kabisa, mguu mmoja, na kijana chini yake hatikisiki. Kimya nusu saa, kisha: "Huyo binti ana kilo ngapi?" Hapo nikamkumbusha Yanga. Kacheka mpaka akakohoa, ila kakataa kusema nimeshinda.

Mkutano wa wazazi ni Jumanne na mikeka iko kwenye ajenda. Msimu wa mpira wa kikapu unakuja, na kijana anahitaji viatu vipya, vyeupe, soli bapa. Nimechukua zamu ya ziada Jumapili.