Mama Alisoma Matope

Kitale iko juu, takriban mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, na mvua yake haina haraka ya kuondoka. Siku zile ilianza mwishoni mwa Machi, watu wakapanda mahindi, na tangu hapo ikawa ni matope hadi mahindi yakaukie shambani, Oktoba. Muhula wa pili ulifunguliwa Mei, tope likiwa limekolea. Aliyepanga kalenda ile, nadhani, hakuwa na mtoto wa kwenda shule kwa miguu.

Viatu vyetu vilikuwa Toughees za Bata, nyeusi, kutoka Limuru. Kila mtoto jozi moja, kubwa kuliko mguu wake ili imfae miaka, na nafasi ya mbele ikajazwa gazeti. Kiatu kilichozama Jumatatu jioni ndicho kilichotakiwa kung'aa Jumanne kwenye gwaride, mwalimu wa zamu akipita kati ya mistari macho yake yakiwa chini.

Mama hakuturuhusu kufuta tope bichi. Ule udongo mwekundu ukiufuta ungali na maji unaingia kwenye nyuzi za mshono, na hautoki tena. Viatu vilingoja mlangoni mpaka tope ligande nusu. Hapo ndipo tulipokwangua: kijiti kwa ubavu, msumari kwa mifereji ya soli, kisha gunzi la mahindi kusugua pote. Kitambaa chenye unyevu kilifuata, halafu gazeti kavu ndani, na viatu vikalala karibu na jiko, ila si karibu sana, maana ngozi hupasuka. Kiwi ilisubiri asubuhi, ikapakwa kwa ubahili. Mkebe ukiisha tulichuma maua mekundu kwenye ua wa jirani, tukasugulia hayo. Yaling'arisha vizuri, mpaka umande wa kwanza.

Lakini kabla ya kukwangua, Mama aliviinua viatu kwenye taa ya koroboi, akavisoma. Tope jekundu tupu: umepita barabarani, sawa. Lenye vipande vya majani ya mahindi: umekata njia ndani ya shamba la mtu. La kijivu linalonuka: ulikuwa mtoni, na mtoni tulikatazwa. Tulikana, naye hakubishana nasi. Alikuonyesha soli tu.

Kaka yangu aligundua dawa. Alivua viatu akifika kwenye njia ya mto, akavitundika shingoni, akaogelea, akarudi. Alinaswa vilevile. Viatu vilikuwa safi mno kwa siku ya mvua.

Likizo ya Agosti tulishuka Bungoma kwa kukhu, nyanya yetu, ambako ni chini zaidi na joto lake si la Kitale. Kule viatu vilitundikwa kwenye msumari hadi siku ya kurudi. Mama akilalamika kwamba tunatembea pekupeku kama watoto wasio na wazazi, kukhu alicheka. "Mguu unaoshwa na maji," alimwambia. "Kiatu kinataka msumari, gunzi, gazeti na mafuta. Sasa nani anamtumikia mwenzake?"

Mwaka 1986 ulikuwa wa tohara. Sisi Wabukusu hutahiri Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili. Alfajiri ya siku yake kaka alipelekwa mtoni, uchi, akapakwa tope mwili mzima, akabandikwa bonge kichwani, unyasi mmoja umesimikwa juu yake. Alirudi na msafara wa nyimbo, kijivu toka utosini hadi nyayoni, naye hakuruhusiwa kupepesa macho. Tope lile hakuna aliyethubutu kulifuta. Mimi, msichana mdogo niliyekuwa nikichungulia kati ya viuno vya mashangazi, nilimtazama Mama. Mikono aliifunga chini ya leso.

Baadaye, kidonda kilipopona, tulirudi Kitale na mvua bado ipo. Jioni ya kwanza ya muhula wa tatu kaka alivua viatu vyake mlangoni, vimejaa tope, akaingia ndani. Mama alimwita avikwangue. Alijibu kwa adabu kwamba yeye sasa ni mwanaume. Nikasubiri balaa. Mama alifikiri kidogo, akaniita mimi.

Nilivikwangua, ndiyo. Ila kwanza niliviinua kwenye koroboi, nikasoma, na nikapaza sauti jikoni pote pasikie: "Huyu mwanaume katoka mtoni."

Mama alimwita tena, na safari hii hakumwita kwa adabu.