Meza Moja, Mashine Tatu

Rekodi ya kaka yangu kwenye pinboli ilikuwa pointi 3,214,500. Ilikaa juu ya orodha katika kompyuta ya steshenari moja hapa Sumbawanga, na utoto wangu wote sikuifikia. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya Windows XP, skrini ya chogo, kibodi iliyofutika herufi Z kwa kupigwa. Z ndiyo iliyoinua kipigio cha kushoto. Wateja wakiisha, mwenye duka alituachia tucheze Space Cadet, ilimradi tumeshafagia.

Julai mwaka jana nilirudi nyumbani likizo na laptopu, na jibu langu: 5,108,250.

“Kwenye mashine gani?” kaka akauliza.

Nikacheka. Nilidhani anatafuta kisingizio.

Steshenari ilipofungwa, alikuwa ameinunua ile kompyuta kwa bei ya vyuma chakavu. Sasa iko kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu, na bado inawaka. Tukakubaliana: kila mmoja acheze mara tano kwenye kila mfumo, kisha tutafute wastani. Mfumo wa kwanza XP, wa pili Windows 10 kwenye laptopu yangu, kwa folda ile ile ya mchezo tuliyoihamisha kwa flashi. Wa tatu Linux, kwenye laptopu hiyo hiyo.

Kwenye XP alinipiga vibaya. Wastani wake ulikuwa karibu mara tatu ya wangu. Kwenye Windows 10 tulikaribiana. Kwenye Linux nilishinda michezo minne kati ya mitano.

Baridi ya Ufipa mwezi Julai haina mzaha, kwa hiyo tulikaa na jiko la mkaa miguuni, tukipuliza vidole, na mimi nikamweleza niliyoyasoma. Toleo la Linux si faili lile la zamani. Mwaka 2021 mpenzi mmoja wa mchezo huu aliweka GitHub msimbo alioufumua kutoka kwenye programu ya awali, na watu wakaufikisha kwenye mifumo mingine. Humo unaweza kuchagua meza ihesabu mwendo wa mpira mara ngapi kwa sekunde. Kwenye matoleo ya Microsoft mchezo uliwahi kula nguvu zote za prosesa, kwa sababu ulichora haraka kadiri mashine ilivyoweza. Mhandisi wao Raymond Chen akauwekea kikomo cha fremu 100 kwa sekunde.

Chen huyo huyo alieleza mwaka 2012 kwa nini mchezo uliachwa baada ya XP. Walipojaribu kuuhamishia kwenye Windows ya biti 64, mpira ulipita katikati ya vitu kama mzuka. Ulifika kwenye kirushio, ukazama taratibu, ukatokea chini ya meza kabla mchezaji hajagusa kitu. Msimbo ulitoka kampuni nyingine, hauna maelezo, na hawakuona kosa liko wapi.

“Kwa hiyo mchezaji anapoteza mpira bila kucheza,” kaka akasema.

“Ndiyo.”

“Kama ziro yangu.”

Sikuwa na la kusema. Kaka alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2012, shule ya kata, ambako fizikia ilikaa mwaka mzima bila mwalimu. Februari 2013 matokeo yakatoka, na zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walipata ziro. Yeye alikuwa mmoja wao. Serikali ikaunda tume. Mwezi Mei matokeo yakafutwa, yakapangwa upya kwa utaratibu wa 2011, na kaka akawa na divisheni foo. Hakuwa ameongeza hata nukta kwenye karatasi zake.

Miezi ile mitatu mimi ndiye niliyeanza kumwita Ziro. Nilikuwa mtoto, na nyumbani walicheka. Mei ilipofika, cheti kilibadilika lakini jina halikubadilika. Miaka minne baadaye nilifanya mtihani huo huo nikiwa bweni Mbeya, kwenye maabara na taa za kusomea mpaka saa nne usiku. Nikapata divisheni wani, na baba akawa anayataja matokeo yetu kwa pumzi moja, kama kwamba tulikaa chumba kimoja cha mtihani.

Nilichukua daftari nikachora jedwali: jina, pointi, mfumo, kibodi. Kaka alikuwa kwenye mpira wake wa pili umeme ulipokatika. Skrini ya chogo ikafa. Laptopu yangu ikaendelea kung’aa kwa betri.

“Ongeza safu ya umeme,” akasema.

Nikaiongeza. Kisha, gizani, nikamwomba radhi kwa lile jina. Alikaa kimya, akachokoa mkaa. Umeme uliporudi aliwasha kompyuta, akafungua mchezo, na 3,214,500 ilikuwa bado juu kabisa.

Akasogeza kiti chake pembeni, akanisukumia kibodi.

“Haya, dogo. Zamu yako.”