Mashine ya Shangazi Iliyokuwa Cape Town

Sisi wa Ronge tukisikia mtu ameweka mahesabu yake mawinguni, twatazama milimani. Kumbe mawingu hayo ni kompyuta za watu zilizopangwa ndani ya majumba, nawe wakodi nafasi kama mtu akodivyo chumba Voi. Kampuni ya Amazon ya Marekani ilianza kukodisha kompyuta za namna hii mwaka 2006, na kazi ya kuzibuni ilifanywa na kikundi kilichokuwa Cape Town, Afrika Kusini. Aprili 2020 ikafungua majumba yake huko huko.

Shangazi yangu ni mweka hazina wa chama cha akina mama. Kijana mmoja aliwawekea vitabu vyao katika mashine ya kukodi, kisha akapata kazi Uarabuni, asiwaachie kitu ila anwani ya barua pepe na neno la siri. Kila mwezi dola zikakatwa katika kadi ya chama, na wenzake wakaanza kumtazama shangazi kwa jicho la pembeni. Nanyi mwajua fedha za chama zilivyo!

"Mwanangu, izime," aliniambia.

Niliingia katika ukurasa wa usimamizi. Ukasema hakuna mashine hata moja. Ukurasa ule huonyesha mashine za mahali pamoja tu kwa wakati mmoja, na jina la mahali hapo limeandikwa juu pembeni, kwa herufi ndogo. Ulikuwa umeelekezwa Virginia. Nilipofungua hati ya malipo, inayotaja kila penye deni, ndipo nikaiona Cape Town.

Kuizima nako si kuachana nayo. Saa zake hazihesabiwi tena, lakini diski yaendelea kulipiwa, na anwani yake ya kudumu ya mtandao hutozwa nusu senti ya Marekani kila saa. Kwa mwezi ni zaidi kidogo ya dola 3 na nusu. Hizo ni sukuma wiki za siku ngapi? Deni hukatika ukiifuta mashine kabisa na kuiachilia anwani hiyo pia, na vitabu huenda na mashine.

Shangazi alinyamaza, kisha akauliza, "Na majina ya waliokopa yamo humo?"

Yamo, tena ya miaka 3. Basi hatukuifuta siku hiyo. Tulinakili kila ukurasa, tukauchapisha Mwatate, na Jumamosi akina mama wakalinganisha na daftari zao za mkono. Mikopo miwili haikuoana. Wakabishana hadi jioni.

Kitufe cha kufuta alikibonyeza shangazi mwenyewe Jumatatu, mwenyekiti akiwa ameketi kando yake.