Orodha ya majina

Kabla ya Septemba 2019 sisi walimu wa shule za msingi za umma tulikuwa na desturi ya kusoma orodha ya majina kila mwezi. Aliyesikia jina lake alijua kwamba wazazi wake hawajalipa primu ya mwalimu; alichukua daftari lake, akatoka. Pesa ile ndiyo iliyotulisha, maana mshahara wa Serikali haukutosha. Hata hivyo, Jumapili tuliwafundisha katekisimu watoto wale wale tuliowafukuza, na hakuna aliyetuuliza neno.

Katiba ya 2006 ilikuwa imekwisha kusema kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni bure. Ilipoanza kutekelezwa, waliofukuzwa walirudi. Dawati la watatu likakaliwa na watano, wengine wakaketi juu ya matofali. Kusahihisha madaftari tisini usiku ni mzigo, wala hatuwadanganyi. Lakini orodha ile hatuitamani tena.

Mwenzetu wa darasa la pili angali anangoja kuandikwa miongoni mwa wanaolipwa na Serikali. Alfajiri humbebea mkewe unga hadi sokoni, kisha hufika shuleni kabla ya kengele.