Mbagala: Mahali Ngoma za Taifa Zinapokutana

Ukitoka katikati ya jiji la Dar es Salaam kwa Barabara ya Kilwa, ukapita viwanja vya Sabasaba, Kwa Azizi Ali, Mtoni na Mtongani, hatimaye utafika Mbagala. Wengi wanaijua kwa wingi wa watu, kelele za makondakta na soko la Rangi Tatu ambapo mama anaweza kununua samaki, mihogo, khanga na sare za shule bila kuvuka barabara. Lakini akina mama wenzetu, Mbagala ina utajiri mwingine ambao haupimwi kwa kilo wala kwa mita. Utajiri huo ni ngoma.

Wenyeji wa sehemu hizi ni Wazaramo, ambao mashamba yao ya minazi, mikorosho na miembe yaligeuka kuwa mitaa ya nyumba. Kwa kuwa barabara hii ndiyo inayokwenda Mkuranga, Rufiji, Kilwa, Lindi na Mtwara, watu wa Kusini walipokuja mjini kutafuta riziki wengi walitua hapa. Ndiyo maana katika mtaa mmoja utamkuta Mzaramo mwenye mdundiko wake, Mmakonde mwenye sindimba yake, na Mngoni anayeukumbuka mganda wa kwao. Kila mmoja amekuja na mzigo wake, na ndani ya mzigo mna wimbo.

MDUNDIKO UNAPOPITA

Jumamosi moja alasiri tulikuwa tukitembea Charambe tukasikia ngoma kwa mbali. Vijana walikuwa wamewasha moto wa makaratasi na makuti, wakiziotesha ngoma ili ngozi zikaze na kulia vizuri. Punde si punde mdundiko ukaanza. Ngoma hii haikai mahali pamoja. Hutembea mtaa hadi mtaa, na watu huifuata. Wanawake walikuwa wamejifunga khanga kiunoni, wengine wamebeba watoto mgongoni. Nyuma yao alikuja binti amefunikwa khanga mpya, akitazama chini kwa haya, huku shangazi zake wakimzunguka kwa vigelegele. Alikuwa ni mwali anayetolewa nje.

Watoto nao walifuata, wengi bila ruhusa ya nyumbani. Kila mama wa Dar es Salaam anajua hadithi ya mtoto aliyefuata mdundiko akajikuta mtaa asioujua, na jioni wazazi wanazunguka wakimtafuta.

Tulisimama kivulini karibu na bibi mmoja wa Kizaramo aliyekuwa ameketi kwenye mkeka. Tulimwamkia, naye akaitikia, "Marahaba, wanangu." Tulipomwuliza maana ya ngoma ile, alitujibu kwa maneno machache ambayo hatujayasahau: "Hii mnayoiona barabarani ni sherehe tu. Kazi yenyewe ilifanyika ndani."

KAZI YA NDANI

Kazi hiyo ilikuwa nini? Zamani binti wa Kizaramo alipovunja ungo aliwekwa ndani kwa miezi mingi, mahali pengine hata zaidi ya mwaka. Alikuwa na somo wake, mwanamke mzima aliyekabidhiwa kumfundisha: usafi wa mwili, heshima kwa wakubwa, kutunza nyumba, mambo ya unyumba na uzazi. Mafunzo mengi yalitiwa katika nyimbo, kwa sababu neno lililoimbwa halisahauliki upesi. Mwali alipewa pia mwana hiti, kinyago kidogo cha mti chenye kichwa na kiwiliwili, akitunze kama mtoto wake. Mwana hiti alirithiwa katika ukoo, kizazi hadi kizazi. Leo vinyago hivyo vimewekwa kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani, ambako wageni huvitazama kwa mshangao, huku mabinti wengi wa Mbagala hawajawahi kukiona hata kimoja.

Hatusemi kwamba yote ya zamani yalikuwa mema. Binti aliyefungiwa ndani miezi mingi alikosa shule, na mara nyingi alitoka akiwa tayari ameposwa. Mama anayempenda binti yake hatataka kuyarudisha hayo. Lakini tazameni kilichotokea. Ngoma ya nje ilibaki, na kazi ya ndani ikazidi kupungua. Siku hizi katika mitaa mingi sherehe yenyewe imegeuzwa kigodoro, yaani muziki wa vipaza sauti usiku kucha, ambapo wasichana wadogo hucheza mbele ya wanaume wasiowajua. Viongozi wa mitaa hukataza, lakini wiki ikiisha mwingine hupigwa uchochoroni. Hata katika nyumba ambazo hazifuati unyago, binti huvunja ungo bila mtu wa kumweleza lolote. Somo hayupo, na mama naye anaona aibu. Matokeo yake, anafundishwa na rafiki zake, au na simu.

MWALIMU ALIVYOULIZA

Swali la ngoma zetu si jipya. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa jamhuri, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba shuleni tulifundishwa nyimbo za Wazungu, na kwamba wengi walijua kucheza rumba na chachacha kuliko gombe sugu, mangala au lele mama. Kwake, nchi isiyo na utamaduni wake ni mkusanyiko tu wa watu wasio na roho inayowafanya kuwa taifa.

Jambo la kushangaza ni kwamba hao Waingereza, ambao nyimbo zao zilifundishwa huku, walikuwa wamekaribia kuzipoteza nyimbo za vijiji vyao wenyewe. Viwanda viliwavuta watu mijini, na wazee waliobaki mashambani walikuwa wakizikwa pamoja na nyimbo zao. Siku iliyofuata Krismasi ya mwaka 1899, mwalimu wa muziki aitwaye Cecil Sharp aliona wanaume wakicheza ngoma ya kijiji karibu na Oxford, wamefunga njuga miguuni. Aliyewapigia muziki alikuwa mwashi, William Kimber. Sharp aliandika sauti zile, na mwaka 1903 akaanza kuzunguka vijijini akikusanya nyimbo. Walioziimba walikuwa watunza bustani, vibarua na akina mama wazee ambao hakuna aliyekuwa amewauliza kitu.

Mwenzake, Ralph Vaughan Williams, alikwenda mbele zaidi. Kitabu cha nyimbo za kanisa alichokisimamia kilipochapishwa mwaka 1906, ndani yake alitia sauti alizozipata kwa wakulima. Wimbo wa Krismasi wa mji mdogo wa Bethlehemu, unaoimbwa na Waingereza hadi leo, aliupa sauti ya wimbo wa shambani. Kumbe baadhi ya sauti tunazozidhani ni za kanisa tangu mwanzo zilitoka shambani, kwa watu wenye matope miguuni.

KWETU PIA IMEWEZEKANA

Msidhani hayo ni ya Ulaya tu. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa aliandika wimbo wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya", unaoimbwa kwa sauti ya asili ya Tanzania. Howard Olson, mmisionari wa Kilutheri aliyefundisha Makumira, alikusanya sauti za asili kama hizo kwa ajili ya ibada. Leo wimbo wa Kyamanywa umo katika vitabu vya nyimbo vya Walutheri wa Ujerumani na Marekani. Mjerumani anaimba Pasaka kwa sauti yetu! Nasi je, tutaiona ni ya kishenzi?

Hata vijana wa singeli, wanaotukera kwa kasi ya muziki wao, wamekula katika chungu hicho hicho. Mapigo yao yamepitia mchiriku na ngoma za uswahilini, na sasa wanaalikwa kupiga Ulaya. Ngoma haifi kirahisi. Kinachoweza kufa ni mafunzo yaliyokuwa ndani yake, kwa sababu hayo hayana kipaza sauti.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Mama mchele huupepeta; hautupi wote kwa sababu ya chuya, wala haupiki na chuya zake. Tunashauri haya machache.

Kwanza, kama nyumbani mna bibi, mama mkwe au shangazi, mwulizeni wimbo mmoja wa kwao na maana yake. Uandikeni katika daftari, pamoja na jina lake na kijiji chake. Usingojeni msibani ndipo mseme, "Laiti tungemwuliza."

Pili, wapelekeni watoto Makumbusho ya Kijiji, Kijitonyama. Huko wataona nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa namna ya asili, na siku nyingine huchezwa ngoma. Mtoto wa Mbagala aliyezoea matofali na bati atajua babu yake alilala wapi.

Tatu, mwambieni mwalimu wa kwaya kwamba si kila wimbo lazima uige wa kigeni. Sauti ya kutwangia ya Kizaramo au ya Kimwera inaweza kubeba zaburi.

Nne, na hili ndilo kubwa: binti yenu asivunje ungo bila somo. Mchagulieni mapema mama mmoja mwenye busara, au shangazi anayemwamini, amweleze mambo ya mwili wake, heshima yake na masomo yake. Hahitaji kufungiwa miezi mingi wala kukosa shule hata siku moja. Anahitaji mtu mzima wa kumwambia ukweli kwa upole, na siku akimaliza, imbeni na kupiga vigelegele mkitaka.

Mdundiko utaendelea kupita mitaa ya Charambe na Kibonde Maji, tupende tusipende. Mtoto wenu akiuliza, "Mama, wale wanaimba nini?" msimfungie mlango tu. Mjibuni.