Kutoka Kanja Hadi Mombasa

Wakulima wa Kanja, huko Embu, huchuma majani chai mwaka mzima. Majani hayo yakiisha kukaushwa katika viwanda vya Embu, kama vile Mungania na Rukuriri, hupelekwa Mombasa yakauzwe mnadani. Mnada huo ulianzishwa Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969. Basi chai ya milimani imeteremka pwani kwa zaidi ya miaka hamsini, lakini wako wazee walioichuma ambao hawajapata kuiona bahari. Baadhi yao huhofu gharama. Wengine hudhani ya kuwa pwani ni ya wageni wa mahoteli. Sivyo hata kidogo.

Msafiri hupanda matatu mpaka Embu mjini, kisha nyingine mpaka Nairobi. Kutoka hapo yako mabasi, na iko reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, ambayo garimoshi lake hufika Miritini kwa muda wa saa sita hivi. Yafaa tiketi ikatwe mapema, na kitambulisho kisisahauliwe nyumbani. Miritini si kisiwani. Hapana budi kupanda gari tena hadi mjini. Mwenye kutaka tuktuk apatane nauli kabla hajaketi.

Mahali pa kwanza pa kuzuru ni Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Mwaka 1696 Waarabu wa Omani waliizingira, na haikuanguka mpaka Desemba 1698, walinzi wake wakiwa wamekwisha kwa njaa na maradhi. Tangu 1895 hadi 1958 Waingereza waliifanya gereza, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwananchi hutozwa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nchi za nje. Mzee mwenye miguu dhaifu asilazimishwe kupanda juu ya kuta. Uani pana mengi ya kutazama.

Ukitoka Ngomeni, Mji wa Kale u karibu. Njia zake ni nyembamba, hata huonekana vizuri zaidi kwa miguu: milango ya nakshi, roshani za mbao, na misikiti ya zamani. Wenyeji ni watu wa adabu, nao hupenda adabu. Mgeni awaamkie wakubwa kwa shikamoo, avae nguo za heshima, wala asimpige mtu picha bila idhini. Jioni wauza kahawa humimina kahawa chungu katika vikombe vidogo. Mkulima wa Kanja aliyezoea kuipeleka kahawa yake kiwandani na kunywa chai nyumbani, hapa ataonja vile wenziwe wanavyoithamini.

Mwisho wa matembezi na uwe bustani ya Mama Ngina, ukingoni mwa bahari. Hapo hapatozwi kiingilio, pana mibuyu mikubwa, na huuzwa madafu na mihogo ya kukaanga. Meli za Kilindini hupita karibu sana. Mzee akikaa hapo na wajukuu wake, aweza kuwaonyesha njia ambayo jasho lake hupitia kwenda ng'ambo.

Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Baada ya kulipwa bonasi ya chai, fedha kidogo zikiwekwa kwa safari hii hazitakuwa zimepotea.